Nani Alipe Bei ya Mkia?

Hoja iliyo mezani ni hii: msichana wa miaka 15 anayetaka kuacha mkia apate miguu, au kuacha miguu apate mkia, ana deni kwa nyumba iliyomlea, na hana budi kulilipa kabla ya kuondoka.

Nimeiandika kwa pande zote mbili kwa sababu hadithi zenyewe huenda na kurudi. Katika hadithi ya Hans Christian Andersen, iliyotoka Copenhagen mwaka 1837, binti wa baharini anatamani nchi kavu. Katika tamthilia ya Australia iitwayo H2O: Just Add Water, iliyoonyeshwa kuanzia 2006 hadi 2010, wasichana watatu wa shule wanaota mikia na kuwaficha wazazi wao. Safari ni kinyume, ugomvi wa nyumbani ni uleule: mtoto amegeuka kitu ambacho wazee wake hawajui kukilea.

Nimewakalisha watano barazani. Nimewatunga mwenyewe, ndiyo maana hawana majina. BINTI yuko kidato cha pili, kaskazini ya Unguja. BIBI yake analima mwani. MJOMBA ni mvuvi wa jarife. MWALIMU anasomesha fasihi. MGENI ni mama wa makamo kutoka Lubumbashi, yuko Zanzibar kwa biashara ya nguo. Mwenyekiti ni mimi, na sikuahidi kutopendelea.

BINTI: Napinga. Deni la kukopa nalijua, hili la kuzaliwa silijui. Cleo katika H2O hakuomba mkia. Yeye na wenzake, Emma na Rikki, walikwama kisiwani Mako, wakaingia pangoni, wakawa ndani ya maji wakati mwezi mpevu unapita juu ya tundu la volkano. Basi. Tangu siku hiyo maji yakimgusa, hesabu hadi kumi, yuko chini sakafuni na mkia wa rangi ya chungwa. Naye alikuwa anaogopa maji! Na baba yake, Mjomba, ni mvuvi.

MJOMBA: Ndiyo angemwambia mapema. Mvuvi akijua mwanawe yuko majini hategi ovyo.

BINTI: Na jarife nalo litajua?

MJOMBA: Hapo umenishika. Jarife halijui mtoto wa mtu. Unalitega jioni, unalifuata asubuhi, lililonasa limenasa. Nguva anavuta hewa kama sisi. Akizongwa na nyavu huko chini hafi kwa jeraha, anakufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana wamekwisha. Kundi la maana lililobaki upande huu wa Afrika liko Bazaruto, Msumbiji. Huku kwetu, mtu akisema kaona nguva Rufiji au Kilwa, watu wanamtaka aape. Na nikwambie, mimi sijapata kusikia mvuvi wa kweli akisimulia nguva mwenye kioo na kitana. Nguva ni mama. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mmoja tu, na huyo mmoja hunyonya mwaka na nusu, kagandana naye ubavuni. Basi anayetaka kuwa nguva ajue anaingia katika ukoo wa kumganda mama, si wa kumkimbia.

(Mwenyekiti anaandika pointi hii upande wa watetezi, ingawa Mjomba alidhani anaeleza habari za bahari tu.)

BINTI: Sawa, Mjomba, lakini nguva wako hakuulizwa. Mimi nataka kusema habari ya Emma. Yeye alikuwa mwogeleaji wa mashindano. Alipopata mkia, yaani alipokuwa na mbio majini kuliko mtu yeyote Australia, ndipo alipolazimika kuiacha timu yake. Kile kitu alichokipenda kilimjia chote kwa mpigo, akashindwa kukionyesha mbele ya watu. Nani hapo ana deni?

MWALIMU: Ndugu Mwenyekiti, tamthilia ile naipenda, lakini siri yake ni mchezo wa kibe. Kila kipindi wanakaribia kuonekana, kila kipindi wanaponyoka. Andersen hakumpa mtu siri ya bure. Naomba nafasi nimsimulie Bibi, maana anaambiwa habari za Cleo na wenzake na hajasimuliwa ile ya asili.

BIBI: Simulia, mwanangu. Ila usirefushe, maji yakitoka nina kazi.

MWALIMU: Mfalme wa Bahari ni mjane wa miaka mingi. Nyumba anaiendesha mama yake, mwanamke mwerevu, mwenye kujivunia ukoo wake. Wajukuu wa kike ni sita. Desturi ni kwamba kila mmoja akitimiza miaka 15 anaruhusiwa kupanda juu ya maji, akae juu ya mwamba, aangalie meli na miji. Huyu mdogo anasubiri dada watano wapande mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, kila mmoja anarudi na simulizi yake. Siku yake inapofika, bibi anamvisha shada la maua kichwani na kumbandika chaza wanane mkiani, waonyeshe kwamba ni binti wa kifalme.

BIBI: Chaza wazima? Wamembana?

MWALIMU: Wamembana. Analalamika kwamba wanauma. Bibi yake anamwambia urembo wa heshima una maumivu yake.

BIBI: Mimi nilitogwa masikio, huku na huku, sindano na uzi, nikaambiwa hivyohivyo. Endelea.

MWALIMU: Anapanda, anaona meli, ndani yake mwana wa mfalme anasherehekea kutimiza miaka 16. Dhoruba inaivunja meli, binti anambeba yule kijana hadi ufukweni, lakini anayeonekana na kijana akizinduka ni msichana mwingine. Hapo watu wengi wanasema: mapenzi. Mimi nasema tusome vizuri. Anaporudi nyumbani swali analomuuliza bibi yake ni kama wanadamu hufa. Bibi anamjibu kwa ukweli wote: wanadamu hufa mapema kuliko sisi, sisi tunaishi miaka 300, lakini sisi tukifa tunakuwa povu juu ya maji na ndio mwisho, wao wana roho inayobaki. Binti anauliza kama hakuna njia ya kuipata roho hiyo. Bibi anasema ipo moja, apendwe na mwanadamu kuliko baba na mama yake na aolewe naye, ila haiwezekani, kwa kuwa mkia tunaouona mzuri huku, juu huko wanauona kinyaa. Halafu anasema, tuyaache hayo, tufurahi, usiku huu kuna karamu.

BINTI: Tuyaache hayo!

MWALIMU: Ndiyo. Mtoto anauliza habari za kufa na kufufuka, anajibiwa kwa ngoma. Na usiku uleule wa ngoma ndipo anapochomoka kwenda kwa mchawi.

BINTI: Na mchawi alimfanyaje? Alimsikiliza. Alimwambia kwanza kwamba ni upumbavu, kisha akamtajia bei yote: atapata miguu, lakini kila hatua itakuwa kama kukanyaga visu vikali. Atakatwa ulimi. Kurudi kuwa nguva hakuna tena, wala kurudi kwa baba na dada zake. Na kijana akioa mwingine, asubuhi ya pili yake moyo unapasuka, anakuwa povu. Hakumficha hata moja. Katika hadithi nzima, mtu mzima aliyekaa na yule msichana hadi maneno yakaisha ni mchawi.

BIBI: Na ndiyo kazi yake, mjukuu wangu. Mchawi hakudanganyi bei. Anakudanganya juu ya kile unachonunua.

Hapa baraza ilikaa kimya, nami naomba kuitumia nafasi hiyo. Nadhani Bibi amesema kweli na Binti amesema kweli, na shida ya hoja yangu iko hapohapo. Nimeuliza kama msichana ana deni, kana kwamba nyumba na mchawi ni maduka mawili na yeye ni mteja. Lakini angalieni biashara yenyewe inavyokwenda: chochote anachouza mchawi, malipo yanatoka mwilini mwa msichana. Ulimi, nyayo, uhai. Hata ile sanamu yake ya shaba pale Copenhagen, iliyowekwa mwaka 1913, imekatwa kichwa mara mbili, 1964 na 1998, na katikati hapo ikakatwa mkono. Watu wameizoea hadithi hii kiasi kwamba hata shaba wanaidai.

MGENI: Sasa niseme mimi. Ninyi huku mnasimulia nguva wa huruma. Kwetu Lubumbashi tunaye *mamba muntu*, nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, saa mkononi mara nyingine. Wakati nchi inaitwa Zaire, picha yake ilichorwa kwa rangi ikatundikwa sebuleni, kwa watu wa migodini, kwa makarani, kwa wenye duka.

MWALIMU: Johannes Fabian na mkewe waliandika juu ya picha hizo za mkoa wa Shaba mwaka 1976.

MGENI: Waliandika, sisi tulikaa chini yake tukila ugali. Sikiliza mapatano yake. Mwanaume anapata kitu chake, nywele au kitana. Usiku anamjia ndotoni kukidai. Wanapatana: atampa mali, yeye afunge mdomo na asimchanganye na mwanamke mwingine. Mali inakuja kweli, gari, nyumba. Kisha watu wa nyumba wanaanza kufa. Mtoto. Mama. Mtu akitajirika ghafla na msiba ukafuata, jirani anatazama picha ukutani na hasemi kitu. Hiyo ndiyo tofauti. Yule msichana wa Denmark anakatwa ulimi wake mwenyewe. Kwetu aliyepatana na mkia analipa kwa ulimi wa mtu mwingine, ambaye hata hakukaa kwenye mapatano. Kwa hiyo mimi sitaki kusikia kama binti ana deni. Nataka kusikia nani analipa, na kama aliulizwa.

BINTI: Mama, hapo uko upande wangu au wao?

MGENI: Upande wa yule anayekufa katika hadithi bila kujua kuna hadithi.

MWALIMU: Basi Mama atafurahi au atalia na sehemu inayofuata, ambayo katuni zimeitupa. Nyumba ya yule binti haikumtupa. Dada zake walimtafuta wakampata, wakawa wanakuja usiku kuimba karibu na jumba la kifalme. Usiku mmoja aliona mbali kabisa bibi yake, ambaye alikuwa hajapanda juu ya maji kwa miaka mingi, na baba yake na taji kichwani. Wakamnyooshea mikono. Hawakuthubutu kusogea karibu na nchi kavu kama wale dada.

BIBI: Maskini mzee wa watu.

MWALIMU: Na kijana alipooa mwingine, usiku wa harusi, melini, dada watano wakatokea majini, weupe, vichwa vitupu. Nywele zao ndefu wamempa mchawi, naye amewapa kisu. Wanamwambia: mchome kijana kabla jua halijachomoza, damu yake ikidondoka miguuni mwako utapata tena mkia, utarudi nyumbani. Bibi yako nywele zake nyeupe zimepukutika kwa huzuni, kama zetu zilivyokatwa kwa mkasi. Harakisha.

Hapa ndipo mjadala ulipopamba moto, na sitauficha.

BINTI: Akakitupa baharini. Akamwangalia kijana na mkewe wamelala, akakitupa. Ningefanya vilevile.

BIBI: Mimi ningekichukua.

MJOMBA: Mama! Umchome mtu aliyelala? Hajakukosea kitu, hata hajui kama ulimwokoa.

BIBI: Sikusema ni haki. Nimesema ningekichukua. Wewe ni mwanamume, hujui nywele za msichana zina maana gani nyumbani kwao, na hapo wamekatwa watano. Watano wameingia kwa mchawi kwa ajili ya mmoja. Bibi mtu kamaliza kichwa chake kwa machozi. Halafu kisu kinatupwa? Kwa huyo kijana ambaye alikuwa akimlaza mlangoni pake juu ya mto kama paka?

MWALIMU: Hilo kweli, Bibi. Aliruhusiwa kulala mlangoni, juu ya mto wa mahameli.

BIBI: Ala! Na bado mnasema ni hadithi ya mapenzi.

BINTI: Lakini Bibi, wale dada nao hawakumwuliza. Walikwenda, wakalipa, wakamletea bidhaa iliyokwisha lipiwa, chukua, harakisha. Ni upendo, sikatai. Ila ni kama mahari iliyopokelewa bibi harusi yuko shule.

MGENI: Eeh! Huyo mtoto apewe maji ya kunywa.

Mwandishi mwenyewe wa hadithi alikuwa na la kusema juu ya kuondoka nyumbani, na halisemwi vya kutosha. Andersen alizaliwa Odense mwaka 1805. Baba yake, fundi viatu, alikufa mwaka 1816. Mama yake, Anne Marie, alikuwa mfua nguo za watu. Mwaka 1819, akiwa na miaka 14, yule kijana alitaka kwenda Copenhagen akawe mtu wa jukwaani, na mama alikataa, kisha akafanya jambo ambalo Bibi wetu alilishangilia niliposimulia: alimpeleka kwa mpiga ramli. Mwanamke yule alitazama akasema kijana atakuwa mtu mkubwa, na siku moja mji wa Odense utawashwa taa kwa heshima yake. Mama akaridhia. Copenhagen walimpokea kwa sauti yake nzuri, akaingizwa katika waimbaji wa Jumba la Tamthilia la Kifalme, kisha sauti ikavunjika, kama zinavyovunjika sauti za wavulana wote, akabaki hana cha kuuza. Taa za Odense ziliwashwa kweli, mwaka 1867. Mama hakuziona. Alikufa mwaka 1833, maskini, katika mji uleule, na habari ilimfikia mwanawe akiwa safarini Roma.

Miaka minne baadaye ikatoka hadithi ya kijana wa kike anayeondoka nyumbani, anapoteza sauti, na mama yake alishakufa kabla ya ukurasa wa kwanza. Wachambuzi wengi huihusisha hadithi hii na Edvard Collin, rafiki ambaye Andersen alimpenda mno na ambaye alioa mwaka 1836. Nakubaliana nao, kwa sababu maumivu ya kumwangalia mpendwa akioa mwingine yako wazi mle ndani. Lakini Collin haelezi nywele za bibi zilizopukutika. Hizo, kwa maoni yangu, zimetoka Odense.

MJOMBA: Kwa hiyo mwenye deni ni yeye mwandishi.

MGENI: Na aliyelipa ni mfua nguo. Walau yeye aliulizwa.

BIBI: Na ramli ikapigwa. Siungi mkono ramli, astaghfirullah. Lakini mama na mtoto walitoka nyumbani pamoja, wakaketi mbele ya mtu wa tatu, likaamuliwa neno. Hilo naliunga.

BINTI: Basi nije na Ariel, hata kama Mwalimu atanuna. Filamu ya Disney ya mwaka 1989. Ariel ana miaka 16, baba yake Triton anachukia wanadamu. Anagundua binti ana pango limejaa vitu vya juu, vijiko, vitabu, sanamu, anavilipua vyote kwa mkuki wake. Kwa hasira hiyo Ariel anakwenda kwa Ursula, anauza sauti. Mkataba unapomshinda, baba anajitokeza, anaweka sahihi yake mahali pa sahihi ya binti na kuwa mtumwa badala yake. Mama wa Lubumbashi, hapo aliyelipa ni mzazi, na kwa hiari yake.

MWALIMU: Baada ya kulipua pango.

BINTI: Baada ya kulipua pango, sikatai. Ila mimi nina jambo jingine. Mwishoni Ursula amekufa, Ariel amekaa juu ya mwamba na mkia wake anamtazama mpenzi wake, baba yake anamwangalia kwa mbali. Anagusa maji na mkuki uleule. Binti anapata miguu. Bila ulimi, bila visu, bila sahihi. Mwenyekiti, kumbe uwezo alikuwa nao tangu mwanzo!

Nakiri kwamba nimeitazama filamu ile, na ile mpya ya mwaka 2023 aliyocheza Halle Bailey, bila kuliona hilo. Mkuki uliolipua pango ndio uliotoa miguu. Mchawi alikuwa anauza kwa bei ya sauti kitu ambacho kilikuwepo nyumbani kwa baba bila malipo, ila hakuna aliyekaa kukizungumza. Nikairudia ya Andersen kwa jicho hilo: kule bibi hakuwa na uwezo wa kutoa miguu, alikuwa na uwezo wa kuendelea kujibu maswali. Akachagua karamu.

Mwalimu, ambaye hapendi kushindwa na katuni, alileta mfano wake: Ponyo, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2008, samaki mdogo anayetaka kuwa mtoto wa watu. Umri wake haufiki hata karibu na miaka 15, kwa hiyo nilitaka kuikata hoja hiyo, lakini Bibi alinikataza nisiikate alipoelezwa mwisho wake. Kabla ya kuruhusiwa kugeuka, mama wa baharini na mama wa yule mvulana wa nchi kavu wanasimama kando, wanazungumza wawili, na sisi watazamaji hatusikii wanachosema.

BIBI: Hiyo ni posa. Mzazi anakwenda kwa mzazi. Na ndivyo inavyotakiwa, watoto wasisikie.

BINTI: Wasisikie?

BIBI: Yote, wasisikie yote.

MJOMBA: Mwenyekiti, tunakwepa. Binti huyu hajaitwa hapa kwa ajili ya katuni. Mimi najua analotaka. Anataka kujifunza kuogelea.

BIBI: Nilijua kuna kitu.

BINTI: Bibi, shikamoo.

BIBI: Usiniamkie mara mbili kwa siku moja. Sema.

BINTI: Nungwi kuna wasichana wamefundishwa. Panje Project waliwafundisha, na mpiga picha, Anna Boyiazis, akawapiga picha zikatambuliwa na World Press Photo mwaka 2018. Wanaelea chali, wamefumba macho, wamevaa vazi refu hadi mkononi na miguuni. Ni wasichana wa hapa hapa, wa Kiislamu. Sisi tumezungukwa na maji na wanawake tunakaa ukingoni kama tumekodi kisiwa.

BIBI: Mimi sikai ukingoni. Mwani wenu huu ulipoanza mwaka 1989, nani aliingia majini? Sisi. Wanaume wengine waligomba, mke gani anashinda baharini, fedha zilipoingia wakanyamaza. Nimesomesha mama yako kwa mwani.

BINTI: Ulikuwa unaingia maji yakitoka, Bibi, hadi magotini, ukipanda kwenye kamba. Sasa maji ya karibu yamekuwa ya moto, ule mwani wa bei nzuri unaoza. Wenzako wanaambiwa wahamie kwenye kina. Kwenye kina huwezi kusimama. Wewe mwenyewe unajua kuogelea?

BIBI: (hajibu)

MGENI: Mama, na samahani kwa kuwa mimi ni mgeni. Huyu anaomba mkia ambao hauui mtu.

BIBI: Maji yanaua.

MJOMBA: Yanamuua asiyejua, Mama. Mwaka 2011 meli ya Spice Islander ilipozama usiku, njia ya Pemba, na Skagit mwaka uliofuata, tulikwenda na mashua kuokota. Usiniulize zaidi.

Hakuna aliyeuliza. Nimeiacha hapa bila kura, kwa sababu hoja niliyoiandika asubuhi haikuwa tena ile iliyokuwa ikizungumzwa, na kwa sababu Bibi alishika usukani wa kikao bila kuomba idhini ya mwenyekiti.

BIBI: Anayefundisha ni mwanamke?

BINTI: Wapo wanawake, Bibi. Waliojifunza mwanzo ndio wanaofundisha wengine.

BIBI: Mtoto wa nani?

BINTI: Nitakuulizia.

BIBI: Usiniulizie. Nitakwenda mwenyewe kwa mama yake. Na hilo vazi, kitambaa chake kikilowa kinabana au kinaachia?

BINTI: Sijui.

BIBI: Nenda kaliazime, uliloweke kwenye beseni, unionyeshe.